Usiishie kwenye R: namna ya kukitambua kimeng'enya kinachovunja dawa

Karatasi ya majibu ya kalcha, yaani kuotesha bakteria wa mgonjwa na kuwajaribu kwa dawa, hutoka na safu ya herufi: S mbele ya dawa inayofanya kazi, R mbele ya iliyoshindwa. Daktari akiona R kwa seftriaksoni na R kwa seftazidimu, anahamia meropenemu kwa kuwa ndiyo iliyobaki, na sisi wa maabara tunahesabu kazi imekwisha. Mimi kazi yangu ni benchi la bakteria hapa Mombasa, na nawaandikia wenzangu wa benchi, hasa nyinyi vijana mnaotoka chuoni mkiamini kwamba kujua bakteria ameishindaje dawa ni kazi ya maabara kubwa za Nairobi zenye mashine za kusoma jeni. Diski chache za karatasi zenye dawa, brothi ya kuoteshea bakteria, kemikali moja na bakteria wa udhibiti (wale ambao majibu yao yanajulikana) waliotunzwa vizuri vinatosha kukuonyesha ni kundi gani la vimeng'enya linalofanya uharibifu. Kujua hilo kunabadilisha matibabu, na kunabadilisha hata kitanda atakacholazwa mgonjwa.

Penisilini, sefalosporini (kama seftriaksoni na seftazidimu) na kabapenemu (kama meropenemu) zote zina pete moja ya kikemia, pete ya beta-laktamu. Ikivunjika, dawa imekufa. Vimeng'enya vya kuivunja si vigeni: Abraham na Chain waliripoti cha kwanza mwaka 1940, kabla penisilini haijaenea hospitalini. Kilichobadilika ni upana wa kazi yake. Mwaka 1983 nchini Ujerumani viliripotiwa vimeng'enya vilivyovunja hata sefalosporini mpya za wakati ule, kundi ambalo leo tunaliita ESBL. Baadaye vikaja vya kuvunja kabapenemu zenyewe, viitwavyo kabapenemasi: KPC kutoka Marekani, OXA-48 kutoka Uturuki, na NDM, iliyotambuliwa kwa mgonjwa nchini Sweden mwaka 2008 aliyekuwa ametibiwa India. Usidhani hizo ni habari za mbali. Klebsiella yenye NDM-1 kutoka Nairobi iliripotiwa mwaka 2011.

Kwa mgonjwa, tofauti ni hii. Mwenye ESBL kwenye damu anahitaji kabapenemu. Utafiti wa MERINO uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuata wagonjwa wenye E. coli au Klebsiella sugu kwa seftriaksoni kwenye damu: waliopewa piperasilini-tazobaktamu walikufa asilimia 12.3 ndani ya siku 30, waliopewa meropenemu asilimia 3.7. Mwenye kabapenemasi naye, hiyo meropenemu huenda isimfae, na hata dawa mpya hazifanani: seftazidimu yenye avibaktamu inaweza kuishinda KPC na OXA-48, lakini mbele ya NDM haina nguvu. Ukimwandikia daktari R tupu, umemwachia abahatishe.

Kabla ya diski ya kwanza

Unyevu wa Pwani ndio adui wa kwanza wa vipimo hivi, na miongozo iliyoandikwa kwenye nchi za baridi haimtaji vya kutosha. Klavulaneti, kemikali ya kunasa vimeng'enya vya ESBL, huharibiwa na unyevu, na imipenemu, nayo kabapenemu, ni dhaifu vilevile. Mwezi wa Mei, masika yanapopiga na kuta za chumba zinatoa jasho, kopo la diski lililotoka kwenye friji likifunguliwa papo hapo hujaa matone ndani. Liache mezani likiwa limefungwa, saa moja hadi mbili, lipate joto la chumba ndipo ulifungue. Akiba kubwa ikae kwenye barafu ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na unachotumia wiki hii kikae kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8, ndani ya chombo kinachobana chenye vifuko vya silika. Nunua silika inayobadili rangi. Ikigeuka, ibadilishe siku hiyohiyo.

Umeme ukikatika usiku, usikisie kama diski zimenusurika. Pima kwa bakteria wa udhibiti, E. coli ATCC 25922 (ATCC ni hazina ya Marekani ya bakteria wa kupimia). Duara lisiloota bakteria kuzunguka diski ya meropenemu likiwa chini ya milimita 28, au la sefotaksimu ya mikrogramu 30 chini ya 29, kopo hilo lisiguse sampuli ya mgonjwa, hata kama limebaki hilo moja na oda mpya iko njiani.

Agari, rojo iliyoganda ya kupandia bakteria, ni Mueller-Hinton, na unene wake uwe milimita 4, yaani takriban mililita 25 kwenye sahani ya milimita 90. Ikiwa nyembamba maduara yanapanuka na bakteria sugu anaonekana mnyonge. Ikiwa nene yanabana. Pima kwa pipeti, jicho halitoshi. Maji yawe yaliyokenekwa. Visima vya kisiwani vina chumvi, na madini yaliyomo kwenye maji hubadilisha tabia ya agari hii. Zinki kwa mfano ndiyo inayoviendesha vimeng'enya vya aina ya NDM, kwa hiyo agari isiyotabirika inatoa majibu yasiyotabirika. Na unapopanda, zima feni ya darini. Najua joto lilivyo. Zima tu, utaiwasha ukimaliza.

Mwisho wa matayarisho ni bakteria wa udhibiti, na hapa ndipo ningependa uwe mgumu kuliko mahali pengine pote. Kwa ESBL unahitaji wawili: E. coli ATCC 25922 asiye na kimeng'enya, na Klebsiella ATCC 700603 aliye nacho. Huyu wa pili ana tabia ya kulipoteza jeni lake ukimpanda tena na tena kutoka sahani hadi sahani. Mhifadhi kwenye barafu ya nyuzi 60 chini ya sifuri au zaidi kwenye vichupa vidogo vingi, na ufungue kimoja kwa wakati wake. Maabara isiyo na friji ya namna hiyo iombe kichupa kipya mara kwa mara kwa maabara jirani iliyo nayo. Kuombana vitu vya namna hii ndiyo ujirani wa kazi, usione haya.

ESBL: diski mbili kwa mbili

Anza na bakteria aliyekwisha kukutia shaka: E. coli, Klebsiella au Proteus mirabilis mwenye duara la sefotaksimu la milimita 27 au chini, seftazidimu 22 au chini, ama, kwa E. coli na Klebsiella, seftriaksoni 25 au chini. Hizo ni namba za CLSI, taasisi ya viwango vya maabara ya Marekani, kwa diski za mikrogramu 30. EUCAST ya Ulaya hutumia sefotaksimu ya mikrogramu 5 na seftazidimu ya mikrogramu 10, na namba zake ni nyingine. Soma maandishi juu ya kila diski kabla ya kuiweka, maana wauzaji huleta walicho nacho, na diski ya Ulaya ikisomwa kwa jedwali la Marekani inaleta usugu usiokuwepo.

Chukua koloni kadhaa zinazofanana kutoka sahani iliyolala usiku mmoja, zikoroge kwenye maji ya chumvi tasa hadi ukungu wake ulingane na McFarland 0.5, takriban bakteria milioni 150 kwa mililita. Ndani ya dakika 15 chovya pamba ya kijiti, ikamue ukutani mwa tyubu, na upake sahani nzima pande tatu. Ndani ya dakika 15 nyingine weka diski nne: sefotaksimu peke yake, sefotaksimu yenye klavulaneti, seftazidimu peke yake, seftazidimu yenye klavulaneti. Ziachanishe, maduara yasiingiliane. Sahani iingie inkubeta nyuzi 35 ikiwa imepinduliwa, saa 16 hadi 18. Mimi hupanda saa tisa alasiri, nikaja kusoma saa mbili asubuhi.

Klavulaneti yenyewe haiui bakteria kwa kiasi cha kutajika. Ni chambo: kimeng'enya cha ESBL kinaivamia, kinanasa, na sefotaksimu iliyo kando inafanya kazi yake. Kwa hiyo ukiona duara la diski yenye klavulaneti limelizidi la mwenzake kwa milimita 5 au zaidi, kwa dawa yoyote kati ya hizo mbili, umeithibitisha ESBL. Soma mwanga ukitokea juu, sahani ikiwa juu ya kitu cheusi, na utumie rula au kalipa yenye milimita zinazoonekana. Udhibiti nao lazima ukubaliane: 700603 aongeze angalau milimita 5 kwa seftazidimu na angalau 3 kwa sefotaksimu, naye 25922 asizidi 2. Ukiona 700603 haongezi kitu, aidha klavulaneti imekufa kwa unyevu, aidha bakteria amepoteza jeni. Majibu ya wagonjwa ya siku hiyo hayatoki.

Maabara isiyopata diski zenye klavulaneti bado ina njia. Weka diski ya amoksisilini-klavulaneti katikati, na sefotaksimu na seftazidimu pembeni yake, milimita 20 kutoka kitovu hadi kitovu. Duara la sefalosporini likivutika kuelekea katikati, likawa na umbo la tundu la ufunguo, hiyo ni ESBL. Njia hii inategemea macho na umbali. Ukikosa kuuona mvuto na bado una shaka, rudia kwa milimita 15.

Kuna bakteria watakaokuchanganya: wenye AmpC, kimeng'enya kisichojali klavulaneti. Dalili yake ni sefoksitini kushindwa huku sefepimu ikifaulu. Enterobacter, Serratia na Citrobacter freundii wanazaliwa nacho, kwa hiyo usiwapime ESBL kwa njia ya hapo juu ukatarajia jibu safi. Kwa Klebsiella au E. coli mwenye AmpC na ESBL kwa pamoja, AmpC huificha ESBL. Ongeza diski za sefepimu na sefepimu yenye klavulaneti, kwa kuwa AmpC haiivunji sefepimu kwa urahisi.

Kabapenemasi: mCIM na eCIM

Kwa maoni yangu mCIM, kipimo cha kuona kama bakteria anaimaliza kabapenemu, ndicho kipimo ambacho kila maabara ya kalcha kuanzia Lungalunga hadi Lamu ingepaswa kukijua. Hakitaki mashine. Wataalamu wa Uholanzi walichapisha wazo lake mwaka 2015, na CLSI ikaliingiza kwenye mwongozo wake mwaka 2017 likiwa limefanyiwa marekebisho. Wazo ni hili: mtumbukize mshukiwa kwenye brothi pamoja na diski ya meropenemu. Kama ana kabapenemasi ataila dawa yote iliyo kwenye diski. Kisha itoe diski hiyo, iweke juu ya E. coli mnyonge asiyeijua dawa yoyote, uone kama bado inaua.

Nani apimwe? Nisingesubiri hadi meropenemu iwe R. OXA-48 huivunja dawa hii polepole, na bakteria wake anaweza kuonekana S kwenye karatasi. EUCAST hupendekeza kumchunguza yeyote mwenye duara la meropenemu chini ya milimita 28, na kwa wodi za watoto wachanga na ICU nafuata hilo bila kusita.

Saa mbili asubuhi tayarisha tyubu mbili kwa kila bakteria, kila moja ikiwa na mililita 2 za brothi ya TSB. Ya kwanza ni ya mCIM. Ya pili ni ya eCIM, na humo ongeza mikrolita 20 za EDTA, kemikali inayonyakua zinki, ya mola 0.5. EDTA hii unaweza kuitengeneza mwenyewe: gramu 18.61 za EDTA yenye sodiamu mbili, ile yenye maji mawili, kwenye mililita 100 za maji yaliyokenekwa. Utaona ungaunga unakaa chini hauyeyuki. Usiongeze maji wala moto. Ongeza hidroksidi ya sodiamu kidogokidogo huku ukikoroga, ikikaribia pH 8 itayeyuka yenyewe. Kisha itie kwenye otoklevu.

Kwa kitanzi cha mikrolita 1 chota bakteria kutoka sahani ya damu ya usiku uliopita, utie kwenye tyubu ya kwanza, vivyo hivyo ya pili. Kama ni Pseudomonas aeruginosa tumia kitanzi cha mikrolita 10, na umfanyie mCIM peke yake, maana eCIM ni ya jamii ya Klebsiella na E. coli tu. Acinetobacter usimpime kwa njia hii kabisa. Majibu yake hayaaminiki. Tikisa tyubu sekunde 10 hadi 15, zamisha diski moja ya meropenemu ya mikrogramu 10 kila tyubu, hakikisha imezama, na uziweke inkubeta nyuzi 35 kwa saa nne, dakika 15 zaidi au pungufu. Saa nne ni saa nne. Nimeona watu wakizisahau hadi baada ya chakula cha mchana kisha wakasoma kana kwamba hakuna kilichotokea.

Inapokaribia saa sita, tengeneza ukungu wa McFarland 0.5 wa E. coli ATCC 25922 na upake sahani ya Mueller-Hinton kama kawaida. Sasa ile hatua inayoharibu majibu ya wengi: kuitoa diski. Inase kwa kitanzi cha mikrolita 10, iburute ukutani mwa tyubu ikamuke maji yote, ndipo uiweke juu ya sahani. Diski inayodondosha brothi huwamwaga bakteria wa mgonjwa juu ya sahani yako, na kesho utasoma fujo. Diski ya mCIM na ya eCIM ya bakteria mmoja zikae kwenye sahani moja. Inkubeta tena, saa 18 hadi 24.

Kesho yake soma mCIM kwanza. Duara la milimita 6 hadi 15, au la 16 hadi 18 lenye koloni ndogondogo ndani yake, maana yake kabapenemasi ipo. Milimita 19 au zaidi bila koloni ndani, haipo. Milimita 16 hadi 18 lisilo na koloni halijaamua lolote. Rudia na bakteria aliyesafishwa upya, huku ukimkagua na udhibiti. mCIM ikisema ipo, ndipo usome eCIM. EDTA huinyang'anya NDM na ndugu zake VIM na IMP zile zinki zao, kwa hiyo kama duara la eCIM limelizidi la mCIM kwa milimita 5 au zaidi, una kabapenemasi ya zinki. Milimita 4 au pungufu, una ya aina nyingine, kama KPC au OXA-48. Koloni ndogondogo ndani ya duara la eCIM zipuuze. Kumbuka pia bakteria anaweza kubeba NDM na OXA-48 pamoja; hapo hiyo ya pili itaendelea kuila dawa hata NDM ikiwa imefungwa, na eCIM itakudanganya kwamba zinki haihusiki.

Udhibiti wa kipimo hiki ni Klebsiella watatu: ATCC BAA-1705 mwenye KPC, BAA-2146 mwenye NDM, na BAA-1706 asiye na kabapenemasi. Wapande kila siku unayopima wagonjwa.

Utakutana na wanaofanya bado kipimo cha Hodge, kile cha kupanda mistari kutoka kwenye diski na kutafuta umbo la jani la klova, lenye sehemu tatu. CLSI ilikiondoa mwaka 2018. Huikosa NDM mara nyingi na humsingizia Enterobacter mwenye AmpC. Kiacheni.

Njia za haraka zaidi zipo. Carba NP, ya mwaka 2012, hugeuza rangi nyekundu kuwa njano ndani ya saa mbili, ila inataka imipenemu safi ya unga, na hapa kwetu kuitunza ni shida. Ukanda wa NG-Test CARBA 5 hutaja KPC, NDM, VIM, IMP na OXA-48 kutoka kwenye koloni kwa dakika 15. Ni mzuri mno, kinachokwamisha ni bei. Na kama kituo chenu kina GeneXpert ya kifua kikuu, ulizeni bei ya katriji ya Carba-R, inayotafuta jeni za kabapenemasi, maana mashine ni ileile.

Jibu linapotoka

Usilifungie kwenye bahasha lisubiri mhudumu wa kulipeleka wodini. Ukiwa na kabapenemasi mkononi, mpigie daktari, kisha mpigie sista wa zamu, kwa sababu yeye ndiye atakayemtenga mgonjwa na kusimamia unawaji wa mikono kati ya kitanda na kitanda. Katika wodi ya watoto wachanga, jibu la saa tatu asubuhi lililofika saa kumi jioni limewapita watoto wengine njiani. Kwenye karatasi andika kwa maneno: "Klebsiella pneumoniae, ana kabapenemasi ya zinki kwa mCIM na eCIM, seftazidimu-avibaktamu peke yake haitarajiwi kufaa, tafadhali mtenge mgonjwa." Hiyo sentensi ni fupi na kila anayeisoma wodini atajua la kufanya.

ESBL kwenye mkojo wa mtu anayetembea haitaki simu ya dharura. Iandike wazi, na uonyeshe dawa za kumeza zilizobaki S, kama naitrofurantoini kwa E. coli wa kibofu. Mgonjwa aliyevuka feri kutoka Likoni kufuata majibu mara nyingi amekwisha kupita kemisti kununua vidonge nusu dozi; ukimpa jina la dawa inayofaa, atakuwa na cha kuuliza huko. Na sampuli ya mkojo iliyokaa kwenye msongamano wa feri zaidi ya saa mbili bila kisanduku cha baridi irudishwe, ichukuliwe nyingine.

Mwisho, bakteria mwenye kabapenemasi asitupwe. Mpande safi, mchanganye na brothi yenye gliserini ya asilimia 20, mwandikie tarehe, wodi na namba ya maabara, bila jina la mgonjwa, na umgandishe kwenye vichupa viwili. Kimoja kipelekwe maabara ya taifa ya rejea Nairobi kikiwa na vifungashio vitatu na fomu yenye vipimo vya milimita ulivyosoma, sio neno "chanya" peke yake. Wakisoma jeni wakapata tofauti na ulichoandika, omba wakurudishie maelezo, uyabandike ukutani juu ya benchi pale kila anayesoma sahani atayaona.